Somo la Usalama Kazini: Harufu Mbaya Katika Magari na Spea Zilizokwisha Kutumika



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni harufu mbaya inayokaa ndani ya magari na spea zilizokwisha kutumika. Tumelichagua kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba vyombo hivyo ndivyo tunavyofanyia kazi kila siku. Magari mengi yanayoingia Uganda yametumika kwanza Japani, yakashushwa katika bandari ya Mombasa, kisha yakapanda barabara hadi kwetu. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na kwa jumla magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi hayaruhusiwi tena kuingizwa nchini. Lakini hata gari la miaka 10 limekwisha kubeba mengi ambayo sisi hatukuyaona. Spea nazo ni hivyo hivyo. Anayenunua kiti, giaboksi au tangi katika soko la Kisekka mjini Kampala, ananunua pamoja na yote yaliyomwagikia kitu hicho.

Sababu ya pili ni kwamba kazi ya kuondoa harufu hupewa mtu wa chini kabisa. Fundi mkuu haifanyi, na mwenye gari haifanyi. Hupewa utingo, mwosha magari, au kibarua wa gereji, naye hupewa petroli ndani ya kopo na kitambaa, bila glovu wala maelezo. Kwa hiyo somo hili ni la usafi, lakini zaidi ni la afya na uhai wa mfanyakazi.

Jambo kuu tunalotaka kila msomaji alishike ni hili: harufu ni habari. Kwanza ielewe, kisha ondoa chanzo chake. Usiifunike kamwe kwa marashi.

1. HARUFU NI NINI

Kitu kinaponuka, maana yake ni kwamba chembe ndogo mno zinatoka katika kitu hicho, zinaruka hewani na kuingia puani mwetu. Anayesikia harufu ya petroli anavuta petroli yenyewe, ingawa ni kidogo. Anayesikia harufu ya dawa ya kuua wadudu anavuta dawa hiyo.

Kutokana na ukweli huo tunapata mambo matatu. La kwanza, maadamu chanzo kipo, harufu itarudi hata ukiosha kioo na dashibodi mara kumi. La pili, marashi ya gari hayaondoi chochote. Yanaongeza chembe nyingine juu ya zile za kwanza, na dereva anavuta zote mbili. La tatu, harufu huzidi wakati wa joto, kwa sababu joto hurusha chembe nyingi zaidi. Ndiyo maana gari linalouzwa asubuhi ya baridi laweza kuonekana safi, na saa saba mchana likawa halikaliki.

Tujue pia udhaifu wa pua. Pua huzoea. Mtu akikaa katika harufu kwa dakika chache huanza kutoisikia, ingawa haijapungua. Kwa hiyo ukaguzi wa harufu ni kazi ya watu wawili: mmoja anafanya kazi ndani, na mwingine aliyekuwa nje penye hewa safi anakuja kunusa na kusema kweli. Dereva aliyeendesha gari hilo mwezi mzima si shahidi mzuri.

2. KUTAFUTA CHANZO

Lugha yetu yenyewe inatusaidia. Hatusemi tu "inanuka". Tunalo shombo la samaki, tunao uvundo wa kitu kilichooza, tunacho kikwapa cha jasho. Kila neno linaonyesha chanzo chake. Fundi naye ajizoeze kuzitaja harufu hivyo hivyo, kwa sababu chanzo kikijulikana nusu ya kazi imekwisha.

Peleka gari mahali pa wazi penye jua. Funga milango yote na vioo kwa muda wa saa moja, kisha fungua mlango mmoja na unuse mara moja. Halafu fungua milango yote na uanze kukagua kwa mpango huu:

(a) Sakafu. Inua zulia na sponji iliyo chini yake. Bonyeza kwa mkono. Juu paweza kuwa pakavu na chini pana maji.

(b) Viti. Angalia chini na katikati ya mishono. Sponji ya kiti hunyonya kama sifongo, na kilichozama ndani hakionekani juu.

(c) Milango na kioo cha mbele. Milango ina matundu madogo chini ya kutolea maji ya mvua. Yakiziba kwa udongo, maji hukaa ndani. Mpira wa kioo cha mbele ukichakaa, maji hutiririka hadi chini ya zulia.

(d) Kiyoyozi. Kama harufu ya ukungu inakuja tu feni inapowashwa, kagua chujio la hewa na mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi. Katika magari yaliyokaa yadi miezi mingi, panya hujenga humo, na wengine hufia humo.

(e) Mahali pa gurudumu la akiba, na chini ya mkeka wa mizigo.

Ukikuta tope jembamba chini ya zulia, kutu katika reli za viti, na mstari wa uchafu katika mkanda wa usalama unapouvuta mpaka mwisho, ujue gari hilo limewahi kuzama katika maji. Hapo harufu ni shida ndogo. Shida kubwa ni nyaya na soketi zilizoingiwa na maji, hasa yakiwa ya chumvi, kwa maana huoza polepole na kukatika wakati gari liko barabarani. Vyama vya akiba na mikopo vinavyonunulia wanachama magari visinunue gari la namna hiyo kwa bei yoyote.

3. KILA HARUFU NA DAWA YAKE

Kabla ya kuosha, kumbuka mpangilio: ondoa, osha, kausha, pitisha hewa. Kitu kilichooza ondoa kwanza. Kuosha bila kukausha ni kupanda ukungu mpya. Na ikiwa maji yanavuja, ziba pale panapovuja kabla ya jambo lolote, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikibidi kufungua viti, ondoa kwanza waya wa betri na usubiri angalau dakika 10. Katika magari ya miaka ya karibuni, chini ya viti hupita nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, nazo huwa na soketi za rangi ya manjano. Asiyezijua asiziguse, amwite fundi wa umeme.

Uvundo wa unyevu na ukungu. Toa zulia na sponji yake nje kabisa. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kamua, na uanike juani. Zulia nene laweza kuhitaji siku mbili au tatu kukauka barabara. Acha milango wazi mchana na ufunge usiku. Sponji iliyoota madoa meusi ndani itupwe, kwa sababu mizizi ya ukungu haifikiwi na brashi. Funika pua na mdomo unapoisugua, kwani vumbi la ukungu huamsha pumu na maradhi mengine ya kifua.

Maziwa yaliyoganda. Harufu yake ni ya uchachu, yaani ni asidi. Asidi hutulizwa kwa soda ya kuokea. Osha kwanza kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie maji ya moto, maana maziwa na damu vikipata moto hugandamana na nyuzi za kitambaa. Pakishakauka kidogo, nyunyiza soda ya kuokea, acha usiku kucha, kisha futa kwa brashi au mashine ya kuvuta vumbi. Rudia mara mbili au tatu.

Shombo la samaki na mkojo. Hizi zina tabia iliyo kinyume cha asidi. Kila mpishi anajua kwamba samaki huoshwa kwa ndimu ili shombo likatike. Sababu ni kwamba asidi ya ndimu hukamata zile chembe za shombo na kuzizuia zisiruke hewani. Katika gari tutatumia siki: kikombe kimoja cha siki kwa vikombe viwili vya maji, paka, acha kwa muda wa nusu saa, kisha suuza kwa maji safi. Mkojo uliokauka siku nyingi huacha chembe ngumu ambazo huamka tena kila panapopata unyevu. Kwa huo ni bora sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambayo huandikwa hivyo katika pakiti yake. Iachwe ikiwa na unyevu kwa saa kadhaa ili ifanye kazi, wala isichanganywe na maji ya moto au dawa ya klorini, kwa kuwa hivyo huviua vimeng'enya.

Tahadhari ndogo: wengine huchanganya siki na soda pamoja wakiona povu wakadhani ni nguvu. Siki na soda huuana. Povu likiisha, kilichobaki ni karibu maji matupu yenye chumvi. Tumia kimoja kwa wakati wake.

Moshi wa sigara. Moshi huacha utando wa lami juu ya kila kitu, hasa vioo, dari na mikanda. Osha vyote kwa maji ya sabuni, ukibadilisha maji mara kwa mara mpaka yasitoke na rangi ya chai. Dari isiloweshwe sana, maana gundi yake itaachia. Badili chujio la hewa.

Panya. Usifagie kavu, kwa sababu mkojo na mavi yao yana vijidudu vya maradhi na vumbi lake huvutwa. Vaa glovu. Lowesha kwanza kwa mchanganyiko wa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 10 za maji, subiri dakika 5, kisha okota na ufute. Usiguse mikanda ya usalama kwa dawa hiyo. Klorini hudhoofisha nyuzi zake.

Makaa ya kawaida yaliyowekwa ndani ya gari hupunguza unyevu na harufu kidogo. Si mabaya, ila hayachukui nafasi ya kuosha na kuanika.

4. SPEA ZA CHUMA, MPIRA NA SPONJI

Chuma chenyewe hakinyonyi harufu. Kinachonuka ni grisi, mafuta na uchafu uliogandia juu yake. Kwangua kwanza kwa kipande cha mti au brashi, kisha osha kwa maji moto na sabuni kali ya kuondolea mafuta, suuza, kausha, na upake mafuta mepesi kuzuia kutu. Magadi makali, yaani kostiki soda, yasitumike kwa spea za aluminiamu kama vile kabureta na baadhi ya magiaboksi. Hula aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto kwa urahisi.

Mpira uliolowa petroli au dizeli kwa miaka hausafishiki. Umevimba na kudhoofika, na harufu yake inakuambia hivyo. Paipu za mafuta na za breki zisinunuliwe zikiwa zimetumika. Sponji iliyokunywa mafuta nayo itupwe. Bei ya sponji mpya ni ndogo kuliko siku tatu za kazi ya bure.

Katika kununua spea, pua ni kipimo kizuri. Mafuta ya giaboksi ya kawaida yana harufu kali kama ya kiberiti, na hiyo ni tabia yake. Lakini mafuta ya giaboksi isiyo na klachi yakinuka kama kitu kilichoungua, ujue sahani za ndani zimepata moto mwingi. Iache hapo dukani.

5. NJIA ZA KUSAFISHA ZINAZOUA

Tumesema kwamba kazi hii huachiwa watu wa chini. Sasa tutaje njia ambazo mfanyakazi asikubali kuzitumia, hata akiambiwa kwamba "siku zote tunafanya hivi".

Petroli. Kuosha spea kwa petroli ni desturi ya gereji nyingi, na ni desturi mbaya. Mvuke wake unaweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa katika shimo la gereji, ukingoja cheche moja. Tena petroli ina benzini, kitu kinachojulikana kuleta saratani ya damu, nayo huingia mwilini kwa kuvutwa na hata kupitia ngozi. Mikono isioshwe kwa petroli kamwe.

Tangi tupu. Tangi lililotumika likinuka petroli, lina mvuke wa petroli ndani. Kwa mchomeleaji, tangi tupu linalonuka ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliochanganyika na hewa hulipuka. Kuliosha kwa maji mara moja na kuliacha juani hakutoshi. Tangi au pipa lililokuwa na mafuta lisichomelewe wala kukatwa kwa moto, ila na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, baada ya kusafishwa na kupimwa kwa chombo cha kupimia gesi.

Kuchanganya dawa. Dawa ya klorini ya kufulia ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia, au ikimwagwa juu ya mkojo mwingi, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Ndani ya chumba cha dereva kilichofungwa, mtu anaweza kuumia vibaya kabla hajafikia mlango. Tumia dawa moja, suuza kwa maji mengi, ukaushe, ndipo ufikirie dawa nyingine.

Dawa ya kopo ya kusafishia breki. Baadhi yake ina klorini ndani yake. Spea iliyopuliziwa dawa hiyo ikichomelewa kabla haijakauka kabisa, yaweza kutoa gesi ya fosijeni, ambayo ni sumu kali mno. Soma maandishi ya kopo. Usiposoma lugha yake, uliza kabla ya kupuliza.

Mashine ya ozoni. Gereji nyingine hutumia mashine inayotoa gesi ya ozoni. Ozoni hukata baadhi ya harufu, lakini huumiza mapafu. Mtu yeyote asiwe ndani ya gari mashine inapofanya kazi, na baadaye milango yote ifunguliwe ipasavyo kabla ya mtu kuingia. Nayo pia haifai kitu kama zulia bado lina maji.

6. HARUFU ZISIZOFUTWA

Zipo harufu ambazo kuzifuta ni kosa, kwa maana ni onyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukizisikia, simamisha gari na uite fundi.

Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya chumba cha dereva. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi, na huua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito. Kama dereva na utingo wote wawili wanaumwa kichwa katika safari moja na wakipata nafuu wakishuka, msifikirie malaria kwanza; kagueni ekzosi na matundu ya sakafu. Mtu asilale ndani ya gari lililofungwa huku injini inanguruma.

Harufu ya mayai yaliyooza. Mara nyingi ni betri inayochemka kwa kupewa chaji kupita kiasi. Gesi yake ni sumu, na kwa wingi huifisha pua hata mtu asiisikie tena. Pamoja nayo hutoka haidrojeni inayolipuka. Zima injini, fungua milango, kaa mbali, usiwashe kiberiti wala kugusa waya za betri mpaka hewa isafike.

Harufu tamu kama ya sukari, na vioo kupata ukungu ndani. Ni dawa ya rejeta inayovuja. Ni sumu ikinywewa, na injini itapata moto.

Harufu ya mpira au plastiki inayoungua ni ya nyaya, klachi au breki. Na harufu ya petroli mbichi, hata ikiwa kidogo, ni ya kutafutwa mpaka ipatikane.

7. SUMU ZA SHAMBA

Sasa tunafika kwenye jambo linalowahusu hasa ndugu zetu wa mashamba ya chai, miwa na maua. Trela linabeba dawa ya kuua wadudu asubuhi, na jioni linabeba wafanyakazi au chakula. Wafanyakazi wakilalamikia harufu, trela linapigwa maji kwa paipu na kazi inaendelea.

Dawa nyingi za wadudu huingia mwilini kupitia ngozi, hata bila kunywewa. Zikimwagikia mbao, sponji au kamba, huzama ndani, na maji hayazitoi. Harufu ikibaki baada ya kuosha, sumu imebaki. Lakini hata harufu ikiisha, si hakika kwamba sumu imekwisha, kwa sababu ziko sumu zisizonuka.

Tuchukue mifano miwili kutoka India, nchi yenye mashamba makubwa kama yetu. Mwaka 1958, katika jimbo la Kerala, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula kilichochafuliwa na dawa ya wadudu iitwayo parathioni. Dawa na chakula vilikuwa vimesafirishwa pamoja katika meli, na dawa ikavuja. Msiba huo ulichangia kuipatia India sheria yake ya dawa za wadudu ya mwaka 1968. Miaka 55 baada ya Kerala, mwezi Julai 2013, watoto 23 wa shule moja ya msingi katika jimbo la Bihar walikufa kwa chakula cha mchana. Wachunguzi walikuta dawa ya wadudu katika mafuta ya kupikia. Iliripotiwa kwamba mpishi alikuwa ameyatilia shaka mafuta hayo, lakini akaamriwa kuendelea kupika.

Ndugu, somo la Bihar ni zito. Pua ya mpishi ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni nguvu ya kulifanya neno lake lisikilizwe. Nguvu hiyo mfanyakazi mmoja hana. Anaipata katika chama.

Kwa hiyo kanuni yetu iwe hivi: gari, trela, pipa au dumu lililobeba sumu ya shamba lisibebe tena watu, chakula, maji wala nguo. Sehemu za mbao na sponji zilizoingiwa na sumu zitolewe na kutupwa mahali palipowekwa kwa taka za sumu. Zisichomwe moto nyuma ya gereji, kwa sababu moshi wake ni sumu pia. Anayelazimika kuosha sehemu za chuma avae glovu za mpira, buti, aproni na kinga ya uso, na maji yake yasielekezwe kwenye mto au kisima.

8. WAJIBU WA MWAJIRI NA KAZI YA TAWI

Kwa nini marashi hupendwa kuliko kusafisha? Kwa sababu kopo la marashi ni la bei ndogo na hufanya kazi kwa dakika moja, ambapo kusafisha barabara kunalaza gari siku tatu. Kwa mwenye gari, siku tatu ni hasara ya fedha. Hasara ya upande wa pili haiandikwi katika daftari lake, kwa kuwa inalipwa na mapafu ya dereva na ngozi ya kibarua.

Sheria ziko upande wetu katika jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na zile za Kenya ya mwaka 2007 na Tanzania ya mwaka 2003, zote zinaweka juu ya mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuziheshimu. Mkataba Na. 170 wa mwaka 1990 unataka kemikali za kazini ziwe na maandishi ya kuzitambulisha na karatasi ya maelezo ya usalama.

Lakini sheria isiyosomwa ni karatasi. Tunashauri kila tawi lifanye mambo haya:

Kwanza, kila gari na kila trela liwe na daftari la mizigo, na mwakilishi wa wafanyakazi awe na ruhusa ya kulisoma.

Pili, kusafisha magari na spea kuhesabiwe kuwa kazi yenye saa zake na malipo yake, wala kusitupiwe kibarua baada ya saa za kazi.

Tatu, glovu, buti, vifuniko vya uso na sabuni ya kufaa vitolewe na mwajiri bila kukata mshahara. Petroli ya kuoshea iondolewe kabisa.

Nne, gari likipatikana na harufu ya onyo, dereva aandike siku, saa, aina ya harufu na jinsi alivyojisikia. Nakala moja ibaki tawini. Lalamiko la mdomo husahaulika. La maandishi hujibiwa.

Tano, mtu asijadiliane na msimamizi peke yake juu ya gari la hatari. Aende pamoja na mwakilishi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Taja magari yote yanayobeba wafanyakazi mahali penu pa kazi. Kila moja hubeba nini siku nyingine?

2. Kwa nini siki hukata shombo la samaki, na soda hufaa kwa maziwa yaliyochacha? Je, kwa nini tusivichanganye?

3. Nani huosha spea katika gereji yenu, kwa kitu gani, na amepewa vifaa gani vya kujikinga?

4. Dereva na utingo wanaumwa kichwa kila wanaposafiri na lori moja, na mwenye gari amewanunulia marashi. Tawi lifanye nini kwanza?

5. Someni pamoja maandishi ya dawa moja ya kusafishia inayotumika kazini kwenu. Ni maneno gani ambayo hamkuyaelewa, na nani ana wajibu wa kuyaeleza?

Majibu ya swali la kwanza na la tatu yaandikwe na kupelekwa kwa katibu wa tawi, ili yawe mwanzo wa mazungumzo na mwajiri.